UZI: Picha za "watu wa kale" kwenye vitabu vya miaka ya 1500 na 1600. Ile miili ilitoka wapi?

MwanaNakshi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna picha moja inazunguka sana kwenye magrupu ya historia. Mwanamume yuko uchi, nywele ndefu, mwili wote umechorwa: mabegani vichwa vya yule mnyama wa hadithi mwenye mdomo wa tai, mikononi nyoka wamejiviringisha, miguuni magamba ya samaki. Mkononi kabeba kichwa cha mtu kilichokatwa. Maelezo ya chini yake hubadilika kila inapotua. Huku ni "shujaa wa Uskoti", kule ni "Mhindi Mwekundu", na karibuni nimeiona imebandikwa kama ushahidi wa jinsi Wazungu walivyoishi kabla ya Warumi kufika kwao.

Naomba tuitendee haki, kwa sababu asili yake inajulikana vizuri, na ukishaijua huitazami tena kwa jicho lile lile.

Ilichapwa Frankfurt mwaka 1590 na Theodor de Bry. Alizaliwa Liège mwaka 1528, akakulia kwenye kazi ya usonara. Alikuwa Mprotestanti katika mji uliotawaliwa na askofu Mkatoliki, ikambidi ahame. Akapita Strasbourg, Antwerp na London, mwisho akatia nanga Frankfurt, mji uliokuwa na maonyesho makubwa ya vitabu. Huko London ndiko alikopata mzigo uliompa jina hadi leo: michoro ya rangi za maji ya Mwingereza John White.

White alikuwa kwenye msafara wa mwaka 1585 uliotumwa na Walter Raleigh, mtu wa karibu wa Malkia Elizabeth I wa Uingereza, kwenda kisiwa cha Roanoke, pwani ambayo Waingereza waliiita Virginia na leo ni North Carolina, Marekani. Yeye alichora, mwenzake Thomas Harriot akaandika. Ripoti ya Harriot ilitoka London mwaka 1588, kijitabu kisicho na picha. De Bry akaichukua, akaichonga michoro ya White upya kwenye mabamba ya shaba yeye na mafundi wake, akakitoa kitabu kwa lugha nne kwa mkupuo: Kilatini, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza.

Sasa sikilizeni. Baada ya picha zote za wenyeji wa Virginia, kule mwisho wa kitabu, ameweka picha tano zisizo za Amerika hata kidogo. Ni za Wapikti, watu walioishi kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, Uskoti ya leo, zama za Warumi na karne kadhaa baada yao. Mwanamume wa Kipikti, mwanamke wa Kipikti, binti wa Kipikti, kisha mwanamume na mwanamke wa taifa jirani. Yule mbeba kichwa ndiye wa kwanza. Na de Bry hafichi sababu ya kuwaweka. Anaandika kwamba mchoraji ndiye aliyempa picha hizi na kumhakikishia kuwa zimetoka katika kitabu cha kale cha historia ya Waingereza, naye anaziweka ili watu waone kwamba wakazi wa Uingereza zamani walikuwa washenzi sawasawa na wale wa Virginia. Hicho kitabu cha kale hakukitaja jina. Juu ya kila picha, hata hivyo, kaandika kuwa ni "picha ya kweli".

Mwaka 1590 Wapikti walishatoweka kama taifa kwa zaidi ya miaka 600. Hakuna aliyekuwa amewaona, wala aliyekuwa na babu wa babu aliyewaona. Basi ule mwili, ile miguu iliyosimama kwa madaha, zile pete za chuma shingoni na kiunoni, vilitoka wapi?

Pete zilitoka kwenye kitabu. Herodian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 3 juu ya vita vya mfalme wa Kirumi Severus huko Uingereza, anasema watu wale hawavai nguo ili wasifunike wanyama waliochorwa miilini mwao, na kwamba huvaa chuma shingoni na kiunoni kama pambo na alama ya utajiri. Nywele ndefu ziko kwa jemadari Mrumi Julius Caesar, kitabu chake cha tano cha vita vya Gallia (Ufaransa ya leo): Waingereza wote hujipaka rangi ya bluu ili watishe vitani, huacha nywele za kichwa zikue, na hunyoa kwingine kote isipokuwa mdomo wa juu. Mchoraji alisoma maneno haya akayavika mwili.

Na mwili wenyewe aliukopa. Hiyo ndiyo hoja yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu. White alikuwa ametoka kuwatazama, ana kwa ana, watu hai waliojichora ngozi: wenyeji wa vijiji vya Pomeiooc na Secotan. Aliporudi na kutakiwa kumchora babu wa kale wa Mwingereza, mfano uliokuwa machoni mwake ulikuwa huo. Wapikti wa kitabu kile wamechorwa kwa kumbukumbu ya Amerika.

Karibuni tujadili. Nitarudi kwenye suala la shaba maana ni refu.

SonaraJr

Mkuu, nimekaa siti ya mbele. Babu yangu mzaa baba alikuwa sonara Tanga, akiandika majina na maua kwenye bangili kwa kalamu ya chuma, kwa mkono mtupu. Najua ule mkono unavyotaka utulivu. Ila sijaelewa: sonara anahamaje kutoka kwenye bangili mpaka kwenye kitabu? Na kwa nini shaba, wakati watu walikuwa wanachapa picha kwa mbao?

MwanaNakshi (mleta uzi)

Swali lako limefika mahali pake, SonaraJr, kwa sababu kazi ya babu yako na kazi ya de Bry zina mzazi mmoja.

Picha ya mbao inachongwa kwa kuondoa. Fundi anakwangua sehemu zote zinazotakiwa zibaki nyeupe, mistari inabaki imeinuka, wino unapakwa juu ya mistari. Kwa kuwa mistari imeinuka sawa na herufi za chapa za madini ya risasi, picha na maandishi vinafungwa pamoja na kuchapwa kwa mtambo ule ule kwa kubana mara moja. Ni rahisi na ni haraka. Kile kitabu kikubwa cha historia ya dunia kilichochapwa Nuremberg mwaka 1493 kwa mtambo wa Anton Koberger kina picha 1,809, lakini vibao vya mbao vilikuwa 645 tu. Maana yake kibao kimoja kilitumika tena na tena: uso huo huo ni mfalme huyu ukurasa huu, na ni mwanafalsafa yule kurasa mbele. Mji huo huo unapewa majina ya miji tofauti. Msomaji wa wakati ule hakuona ajabu. Picha ilimwambia "hapa panazungumziwa mfalme", basi. Humo humo kuna mataifa ya kale kutoka kwa mwandishi Mrumi Plinius: watu wenye vichwa vya mbwa, watu wa mguu mmoja, watu wasio na kichwa ambao macho yako kifuani.

Shaba ni kinyume chake. Mstari unachimbwa ndani ya bamba kwa chuma chenye ncha kali, kinachosukumwa na kiganja huku mkono wa pili ukilizungusha bamba. Wino unapakwa bamba zima, kisha unafutwa, unabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi inaloweshwa kidogo, inawekwa juu, vyote vinapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo kwa nguvu nyingi mpaka karatasi inyonye wino kutoka chini. Ndiyo maana kwenye nakala halisi unaona pembeni alama ya bamba ilivyobonyea. Na kwa kuwa herufi za risasi haziwezi kupita kwenye mtambo huo, ukurasa wenye picha na maneno ulichapwa mara mbili, mitambo miwili, mafundi wawili. Gharama ilikuwa kubwa.

Faida yake ni wembamba wa mstari. Shaba inaweza kukupa kivuli cha msuli, unyoya mmoja mmoja, ngozi inayong'aa. Na hapo ndipo nasema sonara anaingia na silaha zake zote: anajua chuma, anajua nakshi, ana mkono. Lakini anaingia pia na mazoea yake. Mafundi wa aina ya de Bry walijifunza mwili wa binadamu kutoka kwenye sanamu za Kirumi na michoro ya Waitalia. Linganisha michoro ya White na mabamba ya Frankfurt uone. Watu wa White ni wembamba, wana nyuso zao, wamesimama kwenye karatasi tupu. Wakitoka Frankfurt wana misuli ya sanamu, nyuso zimeanza kufanana na za Ulaya, nyuma yao kumeota mandhari ya mto na watu wanaovua. Mwingine kageuzwa akachorwa mara mbili, mbele na mgongo, ili mnunuzi amzunguke kwa macho.

Kuna binti mdogo wa Pomeiooc, White alimchora na mwanasesere wa Kiingereza mkononi, zawadi ya wageni. De Bry akamwongezea kichezeo cha pili mkono wa pili na kumfanya awe anakimbia. Mtoto aliyekuwa amesimama na mama yake akawa mtoto wa maonyesho. Mimi linaniuma hilo, kwa sababu White alimtazama yule mtoto kwa makini, na ule utulivu wake ulikuwa ndio ushahidi wenyewe.

Jambo jingine dogo lenye maana: picha ya shaba ikichapwa hutoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Fundi asiyejali akichonga mchoro kama ulivyo, shujaa wake atatoka ameshika upanga kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mtu asijenge hoja ya "watu wa kale walipigana kwa kushoto" kwa kutazama picha hizi.

Kisiki

Mleta uzi, nashukuru kwa madini. Mimi nachukua kimoja tu: wenyewe wamekiri kwa maandishi yao kwamba walikuwa washenzi, uchi, wakata vichwa. Miaka yote tumeambiwa sisi ndio tulikuwa hivyo. Hii picha naihifadhi, siku nikibishana na mtu namtupia.

MwanaNakshi (mleta uzi)

Kisiki ndugu yangu, hasira yako naielewa na ina haki. Ila nakuomba usiitupe hiyo picha, kwa sababu ukiitumia hivyo utakuwa umekubali kanuni ya de Bry: kwamba mtu akiwa uchi na amejichora, basi ni mshenzi, na kinachobaki ni kugombania nani alikuwa mshenzi mwaka gani.

Tazama hoja yake ilivyokaa. Ripoti ya Harriot ilikuwa ya kuvutia watu watie fedha na waende kuishi Virginia, nchi ambayo Raleigh alikuwa na kibali cha malkia kuichukua. Imejaa orodha ya mazao na mali. Mwekezaji angeweza kuuliza: hawa watu tutakaa nao vipi? Jibu linakuja na picha za Wapikti: "msiogope, hata sisi tulikuwa hivi, Warumi wakaja, tukastaarabika." Undugu upo katika maneno hayo, sikatai. Kusema "babu yangu alifanana na wewe" mwaka 1590 halikuwa jambo dogo, na wapo wengi wakati huo ambao wasingelisema. Lakini undugu huo umewekwa kwenye ngazi. Mwenyeji wa Secotan anaambiwa yuko pale ambapo Mwingereza alikuwa zamani, kwa hiyo anahitaji Mrumi wake, na Mrumi wake tayari yuko njiani na meli.

Na White mwenyewe? Mwaka 1587 alirudi Roanoke akiwa gavana wa walowezi. Mjukuu wake alizaliwa huko. Akaondoka kwenda kutafuta msaada, akachelewa kwa sababu ya vita na Hispania, akarejea Agosti 1590, mwaka ule ule wa kitabu, akakuta hakuna mtu, kuna neno CROATOAN limechongwa kwenye nguzo. Hakumwona tena mwanawe wala mjukuu wake.

Sasa kuhusu Wapikti halisi. Wao walijichora wenyewe, kwenye mawe. Uskoti imejaa mawe ya Kipikti, mengine ni ya karne ya 8. Lile la Hilton of Cadboll, ambalo liko kwenye makumbusho ya taifa Edinburgh, lina mwanamke amepanda farasi, amevaa, ana pambo kubwa kifuani, amezungukwa na wawindaji na mbwa. Kwenye jiwe la uwanja wa kanisa wa Aberlemno kuna vita: wapanda farasi, askari wa miguu wenye ngao na mikuki, wamejipanga kwa safu. Wengi wanalihusisha na vita vya mwaka 685 ambavyo Wapikti waliwashinda Waanglia wa Northumbria, jirani zao wa kusini. Wapikti wa mawe haya wana nguo, farasi, msalaba na nakshi iliyosukwa kwa ustadi wa kukufanya ukae kimya. Mawe ya namna hii yalikuwepo Uskoti mwaka 1590. De Bry hakuyahitaji. Hoja yake ilihitaji mtu uchi.

Kwa hiyo picha unayotaka kuitupa haimshitaki Mwingereza wa kale. Inatuonyesha jinsi Mwingereza na Mjerumani wa 1590 walivyofikiri, na hapo ni ushahidi wa nguvu kweli kweli.

Kisiki

Nimekuelewa mkuu. Hilo la mawe sikulijua kabisa. Nimeyatafuta sasa hivi, yule mama juu ya farasi ni kitu kingine. Endelea.

BintiForodhani

Assalaam alaykum. Mimi kazi yangu ni mimea, historia napita tu, lakini umetaja "binti wa Kipikti" halafu umempita. Nimemtafuta nikampata wa rangi, si wa kitabu, na nimemkuza mpaka mwisho. Mwili wake wote ni maua, toka shingoni mpaka vifundoni, amesimama na mkuki, upanga umening'inia ubavuni. Yamechorwa na mtu anayejua mimea, kila ua linatambulika. Na hapo ndipo penye shida. Naona tulipu. Tulipu imefika Ulaya ya Magharibi kutoka nchi za Waturuki katikati ya miaka ya 1500. Na kuna lile ua linalofunguka jioni, asili yake Amerika ya Kati na Kusini, nasi tunalipanda majumbani. Binti wa zama za Warumi kayatoa wapi maua hayo?

MwanaNakshi (mleta uzi)

Wa alaykum salaam dada. Umegusa kito cha uzi mzima.

Hiyo picha ya rangi ni ndogo, imechorwa kwenye ngozi laini, iko Yale Center for British Art huko New Haven. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya White. Wataalamu siku hizi wanaihusisha na Jacques Le Moyne de Morgues, Mfaransa. Huyu naye alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1564 alikwenda Florida na walowezi wa Kifaransa, mwaka uliofuata Wahispania wakaivamia ngome yao na kuua wengi, yeye akaponea porini, akafika meli, mwisho akaishi London. Huko alijulikana kama mchoraji wa maua na matunda. Alipofariki mwaka 1588, de Bry alinunua michoro yake ya Florida kwa mjane wake, na ndiyo iliyotoka mwaka 1591 kama sehemu ya pili ya mfululizo wake wa Amerika.

Basi fikiria alivyofanya kazi. Ameambiwa amchore binti wa kale aliyejipaka maua. Mkono wake unajua maua yapi? Yaliyo kwenye bustani za London za miaka ya 1580, na fahari ya bustani hizo ilikuwa yale yaliyoingia karibuni kwa meli. Kwa hiyo juu ya ngozi ya binti wa zama za Warumi kuna biashara ya karne ya 16, ya Istanbul na ya Amerika. Kila picha ya namna hii ina mahali pa aina hiyo, ambapo mchoraji alijaza pengo kwa kilichokuwa mezani kwake. Dada kapapata kwa kujua mimea. Mwingine atapapata kwa kujua viatu, au silaha, au mishono ya nguo.

Na angalia ilivyopungua kwenye shaba. Kwenye ngozi maua yana rangi, unaweza kuyataja moja moja. Kwenye bamba yamekuwa mistari. Aliyenunua kitabu cha 1590 asingeweza kwa urahisi kuona ulichokiona wewe, isipokuwa nakala yake iwe imetiwa rangi kwa mkono, na hapo rangi ni za mtia rangi.

LikasiMoja

Jambo kwenu wote. Niko Likasi, Haut-Katanga. Jina la de Bry nimelikuta kwenye picha nyingine kabisa, ya Kongo: duka la nyama, na nyama yenyewe ni ya watu, viungo vimetundikwa. Imeandikwa 1598. Ni yeye huyu huyu? Nauliza kwa sababu watoto wetu wanaiona kwenye intaneti bila maelezo yoyote.

MwanaNakshi (mleta uzi)

Ni karakana hiyo hiyo, mkuu. Theodor alifariki mwaka 1598, wanawe Johann Theodor na Johann Israel ndio waliosukuma mfululizo mpya wa safari za Afrika na Asia, na wakaufungua na Kongo. Ni ule ufalme wa Kongo wa upande wa Atlantiki, mbali sana na kwenu Katanga, lakini picha haichagui, imewapaka wote.

Maandishi yake yalitoka hivi. Mreno Duarte Lopes alikwenda Kongo mwaka 1578, akawa balozi wa mfalme Álvaro I kwenda Ulaya. Akiwa Roma alimsimulia Filippo Pigafetta, Mwitalia ambaye hakuwahi kufika Kongo, naye akaandika kitabu kilichotoka Roma mwaka 1591, chenye picha za mchongaji Natale Bonifacio. Katika maandishi kuna aya inayosema kwamba taifa la Waanziki, kaskazini mwa Kongo, huuza nyama ya binadamu sokoni. Frankfurt walipokichapa upya, wakaichukua aya hiyo na kuijengea bamba zima: meza, ndoano, mchinjaji, viungo. Hakuna mchoro uliotoka Afrika kuonyesha duka hilo. Ni meza ya bucha la Ulaya, imehamishwa ikapewa wauzaji wengine. Kwa Wapikti kuna angalau White, aliyewahi kuona ngozi iliyochorwa. Hapa hakuna jicho lolote, kuna sentensi tu.

Na mwaka 1863 mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley, katika kitabu chake mashuhuri juu ya nafasi ya binadamu katika maumbile, aliichapa picha hiyo tena. Miaka 265 baadaye! Kwa karne mbili na nusu bamba la karakana limepanda cheo likafika kwenye kitabu cha sayansi. Mwambie mwanao hilo, na mweleze mtiririko: Lopes alisimulia, Pigafetta akaandika, akina de Bry wakachonga. Kila aliyefuata alikuwa mbali zaidi na Kongo.

SonaraJr

Na sisi wa pwani hatumo?

MwanaNakshi (mleta uzi)

Tumo, ila kwa sura tofauti. Kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, Cologne, 1572, kina ukurasa wenye Aden juu na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Tumechongwa kama miji: nyumba, minara, bahari, majahazi. Kabla ya hapo, mwaka 1508, Hans Burgkmair wa Augsburg alichonga kwa mbao msururu wa watu wa Guinea, wa pwani ya Afrika Kusini, wa Arabuni na wa Bara Hindi, kufuatia habari za Balthasar Springer, mfanyabiashara aliyekuwa kwenye meli za Francisco de Almeida mwaka 1505, zile zile zilizoshambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Burgkmair hakufunga safari ile. Familia zake za Kiafrika zimesimama kama familia takatifu za makanisa ya Ulaya: baba, mama, mtoto.

Kisiki

Swali la mwisho mkuu. Wenyewe Waingereza walizikubali tu hizi picha za babu zao? Hakuna aliyekasirika?

MwanaNakshi (mleta uzi)

Hawakuzitupa. Walizipanga upya. John Speed alipotoa historia yake ya Uingereza mwaka 1611, alimchukua yule mtu wa kujichora, kichwa mkononi na vyote, akamweka kama Mwingereza wa zamani sana. Kisha akaweka picha nyingine za Waingereza waliofuata, wamevaa, wamestaarabika kidogo. Kwa hiyo ngazi ile ile ikaingizwa ndani ya historia ya nyumbani. Wapo waliochagua babu mwingine kabisa. Richard Verstegan, mwaka 1605 huko Antwerp, aliandika kwamba Waingereza ni Wasaksoni kwa asili, watu wa Kijerumani, na akawachonga miungu wao wa siku za juma, kila mmoja na vazi lake.

Upande wa Wajerumani, tazameni Philipp Clüver, Mzaliwa wa Danzig, na kitabu chake Germania Antiqua, Leiden, 1616. Mabamba yake yamejaa Wajerumani wa kale, wengine uchi kabisa, wengine wana kipande cha ngozi au vazi lililofungwa begani kwa mwiba. Yote ni Tacitus, mwandishi Mrumi aliyeandika kitabu juu ya Wajerumani mwaka 98. Mwiba uko kwa Tacitus. Watoto wanaokua uchi nyumbani wako kwa Tacitus. Lakini sikilizeni uchi ule unavyosema kitu kingine. Tacitus aliwasifu Wajerumani kwa ushujaa na uaminifu wa ndoa ili awaaibishe Warumi wenzake. Wasomi wa Kijerumani walikishika kitabu hicho kama cheti cha ukoo. Kwa hiyo katika mabamba ya Clüver mwili mtupu ni heshima, ni mtu asiyeharibiwa na anasa. Mwili ule ule, miaka 26 tu baada ya Frankfurt, na uzito wa maana umeelekea upande wa pili.

Nikiulizwa nitazameje picha yoyote ya namna hii, natafuta kwanza aliyeona ni nani, kama yupo. Halafu maandishi gani yalikuwa mezani. Halafu mwili umeazimwa kwa nani. Cha nne ndicho watu wengi wanakisahau: nani alikuwa anauziwa kitabu.

Kwa wanaotaka kulinganisha kwa macho yao, michoro ya White ipo British Museum na inaonekana bure kwenye tovuti yao. Tafuteni kwa jina lake, muanze na yule mama na mtoto wa Pomeiooc, kisha mfungue bamba la de Bry pembeni. Mabamba ya mfululizo mzima yapo John Carter Brown Library, Providence. SonaraJr, wewe kuza mpaka uone mistari ya kivuli kwenye mapaja ya yule Mpikti, uniambie fundi alisukuma chuma kuelekea upande gani.